Stakabadhi Zilizomwita Kabula

Jamani, mwenzenu leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Niliwaambia habari za Kabula, niliyekuwa naandika naye programu hapa kiwanda cha samaki tangu mwekezaji alete kompyuta. Ndiye aliyeanzisha daftari la mabadiliko: ukigusa programu, unaandika ulichobadilisha, mwenzako anaijaribu, anasaini, ndipo itumike. Nilimcheka sana. Mwezi uliopita wakamhamishia tawi la Bukoba. Nimebaki na daftari na kiti chake. (Kiti simruhusu mtu akalie.)

Tangu aondoke, nasaini sehemu zote mbili. Saini ya mkaguzi nailaza kidogo ionekane ya mtu mwingine.

Leo asubuhi nikabadilisha stakabadhi ya kupokelea sangara. Nilitaka maneno yoyote ya kujaribia pale chini. Vidole vikajiandikia: "Kabula, rudi. Ofisi imepoa. Nimekukumbuka." Nikasema nitayafuta. Nikasaini mara mbili, meneja wetu Mzee Magesa akagonga muhuri kwenye daftari bila kusoma kama kawaida yake, nikaenda kunywa chai. Chai!

Niliporudi, foleni ya wauza samaki ilikuwa kimya. Mama mmoja kutoka Kigongo alikuwa anawasomea wenzake stakabadhi yake kwa sauti.

"Baba, huyu Kabula ndiyo nani?"

"Ni... majaribio tu, mama."

"Majaribio gani haya ya kutia huruma? Mfuate, mwanangu!"

Zilishatoka kama arobaini. Moja ilikuwa mkononi mwa Mzee Magesa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete daftari."

Akatazama saini zangu mbili. Akatazama na muhuri wake, akakohoa. (Tuliumbuka wawili, ila yeye ofisi yake ina mlango.) Kisha akapiga simu Bukoba na kuisoma stakabadhi yote, kilo za sangara zikiwemo, foleni nzima ikisikiliza. Akanikabidhi simu.

Nikasikia ile sauti. Jamani, nilivyoikosa ile sauti!

"Nani aliikagua?"

"Hakuna."

"Basi sijaipokea. Iandike upya, ikaguliwe, ndiyo uniletee."

Akakata. Lakini alikuwa anacheka, nilimsikia.

Tangu mchana nimeiandika mara tatu. Iko hapo chini ya barua pepe hii. Naomba mmoja wenu aisome asicheke, kisha asaini. Saini yake mwenyewe, tafadhali.