Tumbo la Nafula Kwenye Kaseti

Jamani, leo heshima yangu imezikwa Bungoma. Subirini kucheka.

Binti yetu Nafula, wa miaka mitatu, alikuwa kwa nyanya yake, mama wa mke wangu. Tangu Jumapili hakuwa amekwenda choo. Tumbo limevimba kama ngoma. Daktari wa zahanati ya pale alisema matumbo yakinyamaza, atampeleka mtoto kwa wenye visu. Mke wangu akalia. Mimi sikulia. Mimi nimesoma chuo kikuu.

Tena nilikuwa nimeona kwenye jarida kwamba ng'ambo wataalamu hurekodi sauti za matumbo ya watoto, wakasikiliza na kujua kama chakula kinasagwa. (Nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Uliofuata ulikuwa na michoro.) Basi asubuhi mimi na mke wangu tukatoka Kitale, redio kaseti mapajani. Webuye nikala sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe. Mtaalamu hafanyi kazi na njaa.

Tulipofika, mama mkwe akatoka kwa mlango wa nyuma. Si kwamba ananichukia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na mkwe hata kukohoa hukohoa kwa adabu. Tangu nioe sijamega tonge mbele yake.

Nikamwekea Nafula redio tumboni.

"Baba, toa! Inanifinya!"

Nikalala naye mkekani, redio katikati yetu: tumbo lake kule, langu huku. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Akasinzia. Nami nikasinzia. (Sayansi inachosha.)

Baadaye, kule zahanati, mama mkwe alimpakata mtoto kwenye benchi la mlangoni, ametupa mgongo kama desturi inavyotaka. Daktari alikuwa na kalamu nyingi mfukoni, na bado akaazima yangu.

"Daktari, weka kando hicho kipimo cha masikio," nikamwambia. "Wenzetu walishaacha."

Nikawasha kaseti. Ngurumo! Kinu cha posho kamili.

"Ala!" daktari akaruka. "Hili tumbo linachapa kazi, bana! Mama Nafula, hapa hakuna kisu."

Mke wangu akashusha pumzi. Mimi nikanyoosha tai.

Kumbe kaseti haijaisha. Ukatoka mlio mrefu, wa kupanda na kushuka, kama mtu anayepasua turubai. Kisha sauti nzito ya usingizi, ninayoifahamu vizuri mno: "Aaah. Afadhali."

Daktari akaikodolea redio macho.

"Si huyu mtoto ana sauti nzito?" akauliza daktari.

"Ni baba!" Nafula akapiga kelele. "Baba amejamba!"

Nikatazama mlangoni. Mabega ya mama mkwe yalikuwa yanatikisika. Akajifunika leso usoni, haikusaidia, kicheko kikampasuka. Nafula kuona nyanya yake anacheka, naye akacheka, akacheka hadi akakunja magoti, na papo hapo, mapajani mwa nyanya, yote ya tangu Jumapili yakatoka kwa mkupuo.

"Si nilisema?" akatamba daktari, yule aliyetoka kuipima githeri ya tumboni mwangu. "Matumbo mazima kabisa!"

Nafula amekunywa uji, amelala. Mama mkwe akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mkwe wangu aache kunikimbia. Hana tena alichobakiza cha kuficha."

Mkitaka kucheka, chekeni kimya kimya. Siku hizi watu wanarekodi.