Nimechagua ya Kudumu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezindua rasmi mfumo wa viungo. Mahali: meza yangu, kati ya cherehani ya Shangazi na ubao wa kupigia pasi. Shahidi: Shangazi mwenyewe, aliyekuwa na pini nne mdomoni na kwa hiyo hakupinga.

Niueleze mfumo, kwa faida ya vizazi. Tovuti yangu huchambua vyombo vya nyumbani. Msomaji akibonyeza neno "pasi", hupelekwa kwenye duka kubwa la mtandaoni. Akinunua, duka hunipa kamisheni, kwa kuwa kiungo kimebeba namba yangu ya uwakala. Tatizo ni kwamba viungo vya duka ni virefu kama foleni ya hospitali, na hubadilika bila taarifa. Nina makala arobaini na moja. Je, duka likibadili anwani nirekebishe zote? Hasha. Nimetunga anwani fupi za kwangu mwenyewe. Msomaji anapita kwangu kwanza, ananyooshewa kidole, anaendelea dukani. Duka likihama, nageuza kibao kimoja na makala zote zinatii.

Binti wa Shangazi, ambaye humu namwita Kidole Kimoja kutokana na namna anavyoandika kwenye simu, aliinua macho kutoka kwenye mkasi. Akauliza kwa nini nisiwapeleke watu moja kwa moja, nikapunguza mizunguko. Nilitabasamu. Shahada haielezeki kwa mtu anayekata mikono ya mashati.

Akauliza pia wangapi wamenunua mpaka sasa. Nikamjibu kwamba mfumo uko katika hatua za awali.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa. Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani ameingia katika duka la ushonaji la Shangazi, mama mrefu, mwenye sauti ya kengele. Anataka sare mia tatu na arobaini. Mafundi watatu wanashindana. Kamati yake itaamua Ijumaa.

Shangazi hajawahi kupata kazi ya namna hiyo. Alianza na cherehani moja chini ya ngazi za watu. Akipata sare hizi, atapanga na chumba cha pili.

Alipoanza kufunga sampuli ili Mwalimu Mkuu aondoke nazo, niliingilia kati. Nikaeleza kwamba sampuli zote zimo kwenye tovuti yangu, katika ukurasa wa sare niliomtengenezea Shangazi kwa hisani, na kwamba kamati inaweza kuzitazama kwa simu bila kubeba vifurushi. Niliandika anwani kwenye kipande cha karatasi ya kuchorea. Niliinama kidogo nilipomkabidhi. Akavutiwa.

Mgeni alipotoka, Shangazi alisema kitambaa hujulikana kwa vidole. Kisha akauliza: "Baba, hicho kitu chako hakiharibiki lakini?"

Nikamhakikishia. Hakiharibiki.

Jumatano, 5 Machi

Takwimu za asubuhi: ukurasa wa sare, wageni sitini na wawili. Makala yangu kuhusu feni, wageni wanne, na watatu kati yao ni mimi.

Dhuluma iliyoje. Watu sitini na wawili wanapita mlangoni mwangu, wanatazama picha, wanaondoka mikono mitupu. Na lile duka kubwa linauza sare za kiwandani. Zina kamisheni.

Nikapiga hesabu ya kisomi. Mwalimu Mkuu alisema angewaonyesha kamati kesho. Basi leo, kuanzia saa nane hadi saa kumi, anwani ya sare ingeweza kuwapeleka wageni kule dukani bila kumdhuru yeyote. Saa mbili tu. Hata Shangazi huazimisha cherehani yake kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Programu ikaniuliza: njia ya muda au ya kudumu? Nilitafakari. Mtu hasomi chuo kikuu miaka minne ili awe wa muda. Nimechagua ya kudumu. Neno lenye heshima.

Saa kumi kamili nikaondoa kila kitu, kama nilivyopanga. Niliazima simu ya Kidole Kimoja kuhakiki. Ukurasa wa Shangazi ukafunguka, picha zote zipo. Kazi safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Mkuu amepiga simu. Shangazi, mikono ikiwa kitambaani, akaniomba niweke spika. Mama yule alieleza, kwa upole uliotisha, kwamba kamati ilikuwa na shauku ikakutana jana mchana badala ya leo. Watu tisa, kila mmoja na simu yake. Wote wameona sare za kiwandani. Alikuwa akidhani anaongea na fundi. Kama ni za kiwandani, shule inajua njia ya kwenda dukani yenyewe.

Shangazi akaisimamisha cherehani.

Kwa adabu nikamwomba abonyeze tena. Akabonyeza. Kiwanda. Nikamwomba tena. Kiwanda. Simu yangu: sawa. Ya Kidole Kimoja: sawa. Ndipo nikasoma maelekezo ya programu, ambayo niliyaacha nikiamini yameandikwa kwa wanaoanza. Kumbe simu ikishaambiwa njia fulani ni ya kudumu, huihifadhi kichwani na hairudi kwangu kuuliza tena. Naweza kuking'oa kibao. Yenyewe imeshaikariri njia. Ingebidi simu zote tisa zifutwe kumbukumbu, moja baada ya nyingine.

Nikamwambia Shangazi kwamba suala hili ni la kiufundi.

Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani. Sijawahi kumwona akitoa pini ili aseme. Akasema: "Nilikuuliza swali moja tu, baba." Akarudia kupinda ukingo wa sketi. Niliona sindano yake haina uzi. Sikumwambia.

Kidole Kimoja alikwisha kusimama. Akatia kapuni mashati mawili, sketi, kaptula na kola ya ziada, akafunga viatu. Alipopita mezani kwangu alisema: "Mimi nawapelekea moja kwa moja, Profesa."

Kejeli isiyo na utafiti wowote.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeshinda.

Kidole Kimoja anasimulia kwamba mjumbe mmoja wa kamati, baada ya kuiona ile tovuti ya duka kubwa, aliagiza shati moja na kulichukua kwenye tawi la duka hilo. Mwalimu Mkuu akalivuta begani. Likafumuka. Akalivuta la Shangazi. Akalivuta tena, akamwita na mlinzi wa lango alivute. Likakataa. Sare zote mia tatu na arobaini ni zetu.

Shangazi aliketi juu ya robota la kitambaa, akacheka mpaka akafuta macho kwa futi ya kupimia. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ilinilazimu kusahihisha kumbukumbu. Nikaeleza kwamba kamati isingekuwa na cha kulinganisha kama si uelekezaji wangu. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa adui wakajionee. Katika masoko, huo huitwa mkakati. Shangazi akasema meza yangu ataihitaji kukatia, na kwamba ncha ya ubao wa pasi inanitosha.

Ni karibu na dirisha. Nalihesabu kuwa pandisho la cheo.

Jambo jingine la kihistoria: duka limenitumia taarifa ya mauzo ya kwanza ya mfumo wangu. Shati moja, la shule, la mwanafunzi wa kiume. Nilijipigia makofi kimyakimya.

Saa tisa alasiri wakanitaarifu kwamba limerudishwa.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi ameniapisha nisiuguse tena ukurasa wa sare. Nimeapa, mkono juu ya ubao wa pasi. Kidole Kimoja alitaka niape mara mbili. Nikaapa mara mbili. Mtu wa shahada hutunza neno lake.

Adhuhuri Mwalimu Mkuu akapiga simu. Shangazi na binti yake walikuwa wametoka kununua vifungo, nikapokea mimi. Anaandika barua kwa wazazi wote kuhusu siku za kupimwa. Akauliza ratiba wataiona wapi. Sikusita. Nikamtajia anwani mpya, fupi, ya kupendeza, inayoishia na neno "vipimo". Barua zimeshachapwa.

Ukurasa wenyewe bado haupo, nitauandika Jumatatu. Kwa sasa, ili wazazi mia tatu na arobaini wasikute patupu, anwani inawapeleka kwenye makala yangu bora kuhusu pasi za umeme. Sare hupigwa pasi, uhusiano uko wazi. Ukurasa wa sare sijaugusa hata kidogo. Kiapo kiko palepale.

Programu ikaniuliza swali lake lilelile. Safari hii sikuhitaji hata kutafakari.