Mtego wa Tensa Linganifu

Jumatatu, 4 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinakaa meza ya pili ofisini. Chaki, mwenzangu (mikono ya shati lake haikosi unga wa ubaoni), amefuta ubao nilipoingia. Haraka! Mtu mwema hafuti ubao mbio mbio. Nafasi ya uhadhiri ni moja, sisi wawili, na mkuu wa idara atachagua Ijumaa akishatusikiliza. Nikikosa, nakwenda kufundisha jedwali la kuzidisha shuleni kwa mjomba. Mungu apishe mbali!

Jumanne, 5 Machi

Chaki kaniuliza mfano wangu unaendeleaje. Hata salamu hakutanguliza! Anajua nina mali: tensa linganifu, rundo la namba lenye tabia njema. Ukililisha namba zisizo hasi, halikurudishii jibu hasi. Kama mama mkwe wangu: mpelekee mema, utaona mema. Mabaya, shauri yako.

Jumatano, 6 Machi

Nimetega. Nimeuandika mfano ubaoni makusudi, ila fahirisi, zile namba ndogo zinazoonyesha kila namba inakaa wapi, nimezipindua zote. Ya kwanza mwisho, ya mwisho kwanza. Akiiba, kaiba sumu! Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia hapa hakuna kisima, kuna tensa. Kaguna tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kanasa! Nimechungulia mlangoni, Chaki ananakili. Nimecheka hadi mfagizi akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu, jamani. Chaki kaanza, kaonyesha tensa yangu. Nikaruka juu: mwizi! Tena kaiba kibovu, kila namba iko kiti cha mwenzake! Mkuu wa idara akavua miwani, akaniuliza taratibu linganifu maana yake nini. Nikajibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba hata ukizipindua fahirisi, namba ni ile ile. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kumbe sikuharibu chochote! Na juu ya mfano aliouonyesha Chaki kaandika jina langu, kwa herufi kubwa. Chaki akaeleza kwamba uthibitisho wangu kuwa jibu haliwi hasi ulikuwa na tundu, akawa anahangaika kuliziba, anafuta kila akikosea kwa kuona haya. Nafasi kapewa yeye.

Jumamosi, 9 Machi

Chaki kaja nyumbani. Anataka tuandike makala pamoja, jina langu litangulie. Mkuu wa idara kasema tukiandika, nami nitapata mkataba. Mke wangu akanifinya chini ya meza nikubali. Nikubali nini? Nani anakupa nafasi ya mbele bure? Kosa likionekana, wa kwanza kulaumiwa ni wa mbele! Nimekataa kwa heshima zote. Mke hasemi nami.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba kapiga simu. Nianze kesho. Alikuwa na furaha mno, hata hakuuliza imekuwaje. Huyu naye ana lake jambo.