Babu Caleb na Ndoo ya Ziada

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jana mkutano wa wakaazi wa mtaa wetu wa Shauri Moyo, Nairobi. Ukumbi wetu umekarabatiwa, sasa unatafutiwa jina. Mwenyekiti, Mama Ndeti, akasema tuupe jina la mkaazi wa zamani. Hajafunga mdomo, Javan Andati kashasimama. Andati! Fundi suti, jirani yangu ukuta kwa ukuta, adui yangu tangu aliponishinda uongozi wa kwaya. Akasema babu yake alikuwa karani mjini, mtu wa tai. Makofi.

Nikasimama. Sikujua nitasema nini. Nikausikia mdomo wangu ukitangaza kwamba babu yangu, Caleb Ooko, aliendesha garimoshi mpaka Kisumu. Makofi zaidi! Mama Ndeti anataka ushahidi Jumapili.

Apondi, mke wangu, ameniuliza babu aliendesha garimoshi tangu lini. Nikamjibu tangu jana.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia shangazi Akech kule Ugenya. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na yeye ndiye mtoto wake wa mwisho aliye hai. Nikamwuliza mzee alifanya kazi gani Nairobi. Akasema kazi ya usiku. Ipi? Akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa safi! Nikasikia hata jogoo wake.

Kazi ya usiku. Itakuwa nini tena kama si garimoshi? Nimelala nikipiga honi.

Jumatano, 5 Machi

Sikufungua kibanda changu cha ushonaji sokoni Gikomba. Mapazia yangoje. Nimeenda mjini, pale wanapohifadhi karatasi za zamani za serikali. Dada wa pale anaitwa Lorine. Mpole, lakini hapindishiki.

Majalada ya reli: Ooko hakuna. Ila kuna Mzungu mmoja dereva, jina Cook. Nikamweleza Lorine kwamba yaelekea karani alikosea herufi, huyu Cook ni Ooko. Akaniuliza kama babu yangu alizaliwa Uingereza. Nikasema inawezekana. Amenishauri nijaribu majalada ya vibarua wa mji.

Vibarua! Nimeudhika mpaka nimeshindwa kumaliza chapati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata.

Karatasi moja ya manjano. Caleb Ooko, wa Ugenya, kibarua. Chini yake, dole gumba lake kwa wino wa buluu. Mistari yote ipo, kama pete za mti. Miaka sabini na zaidi, na bado unaona jinsi alivyogandamiza kwa nguvu, kama mtu anayeogopa atasahaulika. Nikaweka dole langu hewani juu ya lake. Lorine akaniambia nisiguse. Sikuwa nagusa! Nilikuwa nasalimia.

Kisha nikasoma kazi yake. Mbeba ndoo za choo.

Mungu wangu. Enzi hizo vyoo vya mitaa yetu vilikuwa vya ndoo, na kuna watu waliopita usiku kuzimwaga. Babu alikuwa mmoja wao. Tena ameonywa mara mbili kwa kutembea na ndoo moja ya ziada, isiyo ya kazi. Mwizi wa ndoo pia!

Nikageuka nikimbie, uso kwa uso na Andati. Naye kaja kumtafuta karani wake. Alikuwa amesoma kila kitu juu ya bega langu. Kufikia jioni mtaa mzima unajua. Muuza mboga ameziba pua nilipopita.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejifungia ndani. Nikapanga kuhamia mtaa wa Mathare, au nibadilishe jina.

Adhuhuri mlango ukagongwa. Shosho Shiku, yule mama mzee anayeuza vifungo na zipu Gikomba. Akauliza kama mimi ni mjukuu wa Ooko wa ndoo. Nikakana. Apondi akajibu ndiyo, karibu ndani.

Shosho hakutaka chai mpaka aseme. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapigania uhuru, yeye alikuwa mtoto mchanga. Wanajeshi waliuzingira mtaa wao, wakawachukua wanaume, baba yake akiwemo. Akina mama wakafungiwa ndani na watoto. Hakuna kwenda dukani. Mama yake alikaa na njaa mpaka maziwa yakakauka kifuani. Mtoto akaacha hata kulia.

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kupita. Mbeba ndoo. Wanajeshi walikagua kila kitu, hata mikate, lakini yeye akikaribia waligeuza nyuso na kumfukuza apite haraka. Na ndoo moja kati ya ndoo zake haikuwahi kubeba uchafu hata siku moja. Ilikuwa mpya, yenye kifuniko. Ndani, maziwa na unga. Hakujua lugha yao, nao hawakujua yake. Aligonga kidogo, akaacha, akaenda mlango wa pili.

"Mjukuu wangu," Shosho akaniambia, "mimi nimekuzwa na ndoo ya babu yako."

Baadaye mama yake alimfuata barabarani amshukuru. Mzee akasema hajui anazungumzia nini, akaenda zake.

Ndoo ya ziada! Nikaenda mwenyewe kumchemshia Shosho chai. Apondi aliniwekea mkono kichwani kuona kama nina homa.

Jumamosi, 8 Machi

Shosho amenipeleka kwenye nyumba zile walimofungiwa. Nyuma yake, chini kabisa, bado kuna alama za vijilango vya kutolea ndoo, vimezibwa kwa matofali. Kimoja. Kingine. Kingine tena. Nimepita hapa maisha yangu yote nikifikiri ni mapambo. Nikapiga magoti kwenye tope na kuweka kiganja ukutani. Mtu aliinama hapa, bunduki nyuma yake, kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua. Na mimi damu yake.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano. Nilikuwa na hotuba ndefu. Nikafika mbele, nikairudisha mfukoni. Shosho Shiku akasimama badala yangu. Akasimulia yote. Kisha wazee wengine wawili wakainuka, bila kuitwa, wakasema hata wao walikunywa maziwa yale.

Andati alivua kofia, akasema jina la babu yake analiondoa. Nikamlilia begani. Suti yake mpya imepata kamasi, wala hakulalamika.

Ukumbi wa Caleb Ooko. Nikaapa: tangu leo, mimi ni mtu mnyenyekevu.

Jumatano, 12 Machi

Kijana mchoraji, Keynan, atamchora babu ukutani, mkubwa kama nyumba. Picha yake haijabaki hata moja. Shosho amemweleza: mwembamba, kipara, masikio makubwa. Shangazi Akech naye amesema hivyo hivyo kwa simu.

Ni wazee, kumbukumbu huchoka. Nimemvuta Keynan pembeni, nikampa picha yangu ya harusi. Damu ni damu. Nimemwomba apunguze kitambi, masharubu ayaache.

Akauliza ndoo aichore wapi. Nikamwambia nyuma kidogo, isinizibe.