Kabati Juu ya Gari la Bibi

Jumatatu, 9 Machi
Dada anakuja Jumamosi. Mama ametusomea ujumbe wake mezani: atalala usiku mmoja, Jumapili mchana anarudi chuo cha uuguzi. Usiku mmoja unatosha. Tumebakiza hatua moja tu, ya ishirini, katika mchezo wa gari wa kwenye runinga, uliotokana na katuni ya kuchekesha ya Bibi anayehama nyumba. Yeye anaendesha gari la Bibi, mimi nashika kabati la vyombo juu ya paa lisianguke kwenye kona. Alipoondoka alisema nisimguse Bibi mpaka arudi. Sijamgusa. Miezi saba.

Tatizo ni Breki. Ni binamu yetu, anaishi nasi tangu mwezi uliopita, na tunamwita Breki kwa kuwa hajawahi kuikanyaga. Leo amesema kadi inayohifadhi michezo imejaa, hivyo kesho ataufuta wetu aanze wake. Nimemwambia kwa adabu kwamba si vizuri. Amejibu kwamba Dada siku hizi anadunga watu sindano, ana haja gani na vikaragosi.

Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumanne, 10 Machi
Nina akili kuliko wanavyodhani. Kabla ya shule nimechomoa kadi, nikaifunga kwenye kitambaa cha maua na kuisukuma chini kabisa ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, kando ya cherehani ya Mama. Mama ni fundi wa nguo. Kikapu hicho hakijaguswa tangu nizaliwe.

Breki ametafuta jioni nzima, hata ndani ya viatu vya Baba. Alijuta. Mimi nilifanya hesabu zangu kwa utulivu mkubwa.

Jumatano, 11 Machi
Kikapu ni kitupu.

Mama amesema alipata kazi ya haraka ya kushona mto wa kiti, na mabaki yametosha kuujaza. Nikauliza mto wa nani. Wa mwalimu mkuu wetu, mgongo unamsumbua, ameuchukua mchana. Nikauliza kama ndani hakukuwa na kitu kigumu. Mama akauliza kigumu kama nini. Nikasema nauliza tu.

Kwa hiyo mwalimu mkuu ameikalia hatua ya ishirini. Zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 12 Machi
Nimejitolea kufagia ofisi yake. Hakutoka. Nimefagia mara tatu. Mwishowe akauliza kama kuna kosa ninalotaka kukiri. Nikasema hapana, ila naona mto wake umekaa upande, ningeweza kuupeleka kwa Mama aurekebishe. Akasema thubutu. Mto huo una kijiwe kinachomkanda pale hasa panapouma, hajapata nafuu kama hiyo kwa miaka. Akaniagiza nimpongeze Mama kwa ubunifu.

Nimempongeza. Mama ameniangalia sana.

Ijumaa, 13 Machi
Nilimwandikia mwalimu mkuu barua rasmi, yenye kichwa cha habari na aya tatu, nikieleza kwa nini naomba kijiwe chake. Akaisoma hadi mwisho, akasahihisha mkato mmoja. Kisha akauliza kama dada mwenyewe ni yule aliyekaa dawati la mbele, aliyekuwa akicheka kabla mzaha haujaisha. Nikasema ndiye. Akafungua droo, akanipa mkasi.

Nimeweka kifutio changu kipya mahali pa kadi na kuushona mto vizuri. Akaukalia, akajisogeza huku na huku. Akasema si sawa na mwanzo, lakini atavumilia.

Nyumbani nilitaka kumsimulia Mama. Hana nafasi. Ana mapazia ya kliniki ya meno, Jumatatu wanayachukua.

Jumamosi, 14 Machi
Dada alifika saa kumi. Amekonda. Alikula, akakaa kitini aondoe uchovu, akalala mdomo wazi. Nikakaa pembeni na rimoti zote mbili za mchezo mapajani. Breki akanong'ona: si nilikwambia?

Saa moja jioni Dada akafumbua macho, akauliza Bibi yuko wapi.

Mikono yake haijasahau. Kila kona alinikumbusha: shika, mdogo wangu, shika. Tukapita soko, tukapita daraja, tukamwacha jirani mwenye mbuzi akitupigia kelele. Ikabaki kona moja, ya kushoto. Nyumba mpya ya Bibi nikaiona, mlango u wazi. Nikawaza: tukishaingia humo, Dada atakuwa na deni gani nasi tena?

Nikaachia kabati.

Sahani zilitapakaa barabara nzima. Bibi alishuka na mwavuli kutugombeza. Dada akasema kona za kushoto sijawahi kukosea. Nikaanza kueleza kwamba miezi saba ni mingi na vidole... Akacheka kabla sijamaliza. Akasema basi, tutamalizia likizo ijayo, na nisimguse Bibi.

Jumapili, 15 Machi
Dada ameondoka saa nane. Kitanda chake nimekitandika, kisha nikakilalia kidogo, nikakitandika tena.

Breki amesema kesho lazima aufute ule mchezo. Aseme tu. Wiki hii imenifundisha mengi. Kosa lilikuwa kuificha kadi kwenye kikapu, kitu ambacho Mama hukimwaga. Panatakiwa mahali pasipokwenda popote. Na mlangoni kwetu tangu asubuhi limening'inia pazia zito la kijani, zuri kabisa. Hatimaye Mama ameikumbuka na nyumba yake. Nimefumua pindo, nimeingiza kadi, nimeshona kwa mshono mdogo mdogo ambao hata Mama hautambui.

Sasa hivi amepita akauliza natabasamia nini, akaniomba nimletee karatasi ile kubwa ya kufungia mizigo ya wateja.

Nimempelekea.