Chuo Kilichokuja Kuposa Bila Mshenga

Likoni, Mombasa
16 Januari 1962

Kwa Bibi Msajili,
Chuo cha Walimu wa Kike cha Kilima Ndege

Bibi mheshimiwa,

Naomba radhi kabla ya jambo lolote. Barua yenu ya kwanza ilinifikia mwezi wa kumi, ya pili mwezi wa kumi na mbili, ya tatu juma lililopita, na mimi ndiyo kwanza leo nashika kalamu. Si ufidhuli. Mwezi wa kumi mwanangu Khatibu alikuwa anaota meno, mwezi wa kumi na moja akaanza kutembea, na tangu hapo sijakaa kitako. Hata sasa naandika amelala mapajani, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amegeuka.

Barua ya tatu yasema nafasi yangu itawekwa mpaka tarehe 31 ya mwezi huu, kisha atapewa mwingine. Nafasi hiyo naitaka. Niliifanyia mtihani mwaka jana, wifi yangu Barke akiwa nje ya dirisha na Khatibu mgongoni, na hesabu zote nilizifanya huku nikisikiliza kama ameamka. Nikafaulu. Tena mwauliza, mwishoni mwa barua hiyo hiyo, kwa nini wasichana wengi wa pwani huchaguliwa halafu hawaji, na mwasema kwamba mwenye shauri la kuwasaidia maafisa wenu wa kuandikisha alitoe. Shauri ninalo, ila limekuja pamoja na malalamiko, nami sikuweza kuvitenganisha.

Naandika kwa Kiswahili, ijapokuwa Kiingereza chenu nilikielewa, kwa sababu barua hii nitamsomea mavyaa wangu Bi Mwanatumu, mama wa mume wangu, kabla sijaitia gundi. Yeye ndiye mwenye nyumba, na yeye ndiye mliyemkosea. Huku kwetu mtu akitaka binti wa watu amtoe kwao, jambo hilo huitwa kuposa. Nyinyi mmeposa mara tatu, na mara zote tatu mmeposa vibaya, kama ifuatavyo:

1. Mlikuja bila watu. Posa huletwa na mshenga, mtu mzima mwenye kauli, barua imefungwa ndani ya leso safi, naye hukaa, hunywa kahawa, huzungumza habari za mvua hata wenye nyumba wenyewe wachoke kungoja. Yenu ilikuja kwa posta mpaka duka la Mzee Sheikhan, ikakaa chini ya jiwe la mizani siku sita, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho mtaani kujua kwamba nimechaguliwa. Na juu ya bahasha mliandika jina langu mimi. Bibi, ni nani apelekaye posa kwa mwari mwenyewe? Mavyaa aliniuliza kama niliwaambia sina wazee.

2. Hamkuuliza hali ya mtu. Mlisema mnayo furaha kunijulisha kuwa nimechaguliwa, na papo hapo mkaanza kuagiza: blanketi mbili, viatu vyeusi, sahani ya bati, ndoo moja yenye jina. Kwetu anayeposa ndiye anayeleta. Nilikuwa nikimfasiria mavyaa, nilipofika kwenye ndoo akainua mkono ninyamaze.

"Hawa wamtaka mtu," akauliza, "au waitaka ndoo?"

Na barua yenyewe ilikuwa imekwisha hapo kwenye ndoo.

3. Mlitutisha. Posa haijibiwi siku ile ile, hata kama nyumba nzima imeipenda. Wazee husema wamesikia, watashauriana, na mposaji akajua kuwa anatakiwa kurudi. Tulinyamaza kwa adabu. Tulifagia uani kila Ijumaa, na mume wangu Rashid, ambaye ni karani wa ghala bandarini, akaleta vikombe viwili vya ziada kwa ajili ya wageni. Badala ya wageni ikaja barua ya pili: tusipojibu kabla ya tarehe 15, nafasi itakwenda kwa mwingine. Rashid aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akasema mposaji mwenye haraka hivi ni kheri aulizwe kwanza huko nyuma ameacha wangapi. Kisha akavirudisha vikombe kabatini.

4. Picha mliyoitia ndani. Wasichana ishirini na wanne wamesimama mbele ya jengo, wote wamevaa sweta, hakuna hata mmoja anayecheka. Mavyaa aliitazama muda mrefu akauliza nani amekufa. Nilimwambia ni baridi ya bara. Sasa kila apitaye nyumbani huonyeshwa picha hiyo na kuambiwa hapo ndipo Tima, yaani mimi, anapotaka kwenda kwa hiari yake. Ikiwa hamna picha nyingine, afadhali mtutumie ya jikoni.

5. Mwafungua chuo tarehe 5 Februari. Mwezi ukionekana, Ramadhani itaingia siku hiyo au inayofuata. Sijapata kusikia mwari akitolewa kwao siku ya kuamkia saumu. Hata aliyeposa akiwa mtu wa baharini hungoja Idi.

6. Karatasi ya maswali. Mwauliza, "Je, una majukumu yoyote ya nyumbani?" na mmeacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Nilianza kwa herufi ndogo. Nilipofika kwenye kuteka maji nikawa nimefika ukingoni, nikageuza nyuma. Nyuma nako kumejaa, na mtoto sijamtaja bado. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeamua nimtaje wapi.

Nisije nikaonekana nalaumu tu, nitakupa mfano wa mambo yalivyofanywa sawasawa. Jirani yangu Kadzo, bintiye Nzai, alichaguliwa na shule moja ya wauguzi ambayo siitaji. Wakaja wanawake wawili. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakauliza hali ya mama, ya shamba, na ya mbuzi mmoja mmoja. Habari ya shule hawakuitamka. Wakaenda zao. Wakaja mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu mama yake Kadzo mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akawaambia, "Mchukueni, lakini mjue huyu hali pweza." Leo Kadzo ana miezi mitano huko, na pweza hapewi.

Basi shauri langu kwa maafisa wenu ni jepesi. Kila msichana mliyemchagua apelekewe mshenga, mwanamke wa makamo, asiye na haraka wala saa mkononi. Alete mkaja wa mama na ubeleko wa aliyembeba, vitambaa tu, hatuhitaji zaidi, ila mbeleko ziwe mbili pale ambapo mwari naye ana mtoto anayebebwa. Asitaje chuo siku ya kwanza. Akiulizwa amekuja kwa lipi, aseme amepita tu.

Baada ya hapo itabidi tukichunguze chuo, kama tunavyomchunguza bwana harusi. Tutauliza majirani zake. Tutataka kujua kama kina hasira, kama kinarudi nyumbani mapema, na kama waliowahi kukaa nacho walitoka na afya yao. Itafaa Bibi Mkuu wa Chuo aje akae kwetu siku saba, alale chumba cha mbele, ili mavyaa amwone anavyoamka. Wajumbe wa bodi wanaweza kufikia kwa Mzee Sheikhan. Tukiridhika, siku ya kunichukua mje na ngoma mpaka kivukoni, na nikifika huko nikae fungate, siku saba bila somo wala ufagio, nikiletewa chakula. Na kama itatokea nimeshindwa mtihani mkaniacha, msiniache kwa posta. Nirudishwe na watu, mchana, na ndoo yangu.

Mkifanya hivyo, wallahi, nawahakikishieni wasichana wa Likoni, Mtongwe na Timbwani mpaka mkose pa kuwaweka. Wawili nawajua hapa hapa mtaani walioandikiwa kama mimi. Mmoja nyuma ya barua yenu amechora nguo ya kushona, wa pili amefunikia mtungi. Si kwamba hawataki kusoma. Wanangoja kuombwa mara ya pili.

Nakomea hapa, maana mwenye mapaja yangu anaamka. Msalimie karani anayepiga taipu, kazi yake safi. Wasalimie wapishi, mlinzi wa lango, na wale wasichana ishirini na wanne pichani, uwaambie hata sisi tusiowajua tunawaombea joto. Mume wangu anakusalimu kwa heshima, wifi yangu Barke pia. Mavyaa atakusalimu akishasikia barua.

Ni mimi, kwa utiifu na kwa malalamiko,
Tima binti Mbarak

Baada ya sahihi:

Nimemsomea mavyaa. Alisikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele, kisha akaniuliza huyo mavyaa mkali wa kwenye barua ni wa nani. Nikamkumbusha maneno ya ndoo. Akasema hayo aliyasema mwezi wa kumi, siku moja, kwa mzaha, na tangu mwezi wa Rajab amekuwa akiniambia niende naye atabaki na mtoto. Ni kweli. Blanketi amezifua yeye. Sanduku Rashid amelitengenezea bawaba mpya, na lipo karibu na mlango siku ya kumi na nane leo. Katika nyumba hii hakuna mzee anayengoja mshenga; wote wamekwisha kukubali.

Alhamisi iliyopita mavyaa alinituma nijizoeze. Nimwache Khatibu asubuhi, nivuke kisiwani, nirudi adhuhuri. Nilimwacha na uji wake nikafika kivukoni. Feri ilikuja ikaondoka mara tatu, mimi nimesimama pale pale na tiketi. Niliporudi nyumbani alikuwa mkekani anapiga kifuniko cha sufuria, hata kichwa hakuinua. Mavyaa alinitazama, akanishika mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto hakulia."

Basi msitume mshenga, Bibi. Mambo yote sita nayafuta. Nitakuja, inshallah, na naomba nafasi yangu iandikwe leo hii kabla sijafika tena kivukoni. Ninavyohitaji kutumiwa ni hivi tu:

Waranti ya kusafiria kwa gari la moshi, daraja lolote, kiti cha upande usioelekea watu wanaosindikiza.

Jina la anayewaamsha watu kula daku kabla ya alfajiri, nijue wa kumtafuta.

Jina la mwanamke mmoja hapo chuoni aliyeacha mtoto nyumbani, na aniandikie kwa mkono wake ni siku ngapi zilipita kabla hajaanza kula vizuri.

Ruhusa ya kubandika karatasi ukutani juu ya kitanda. Barke atauchora mkono wa Khatibu kila mwezi, auzungushie kalamu, anipelekee, nione unavyokua.

Tarehe ya siku ya kwanza ya likizo, na saa ambayo gari la moshi hufika Mombasa. Hiyo msiandike "mwezi wa nne". Andikeni siku.