Majasusi wa Migombani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Filemon, ambaye bila yeye nisingepata hata kiti hiki nilichoinukia. Mwalimu Mkuu Doris pamoja na kamati yako ya shule, ambayo naona imenuna. Waheshimiwa wazee wa koo zote, waheshimiwa akina mama wa jumuiya, waheshimiwa mliokaa kwenye mabenchi, waheshimiwa mliokaa kwenye majani, na waheshimiwa mliosimama kwa sababu mabenchi yaliyobaki yako ofisini kwangu: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, basi imezingatiwa kwa siri. (Makofi machache.)

Nasimama mbele yenu, mimi Jovin, Mratibu Mkuu, Mkufunzi Mkuu na pia mlinzi wa zamu wa Mradi wa Majasusi Chipukizi wa Mlimani, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji na kuwaomba, kwa unyenyekevu ambao nasifika nao Rombo nzima, mniongezee mwaka mmoja wa kutumia chumba cha darasa la saba mlichonikabidhi kiwe chuo cha kufundishia watoto ujasusi, wakati wanafunzi wenyewe wa darasa la saba wakiendelea kusoma kwa muda kwenye ghala la kahawa. (Mwalimu Doris: “Humo wanakohoa kutwa, na mtihani ni Septemba!”) Nimekupata, Mwalimu. Wanakohoa, lakini wanakohoa kizalendo. Leo mtapiga kura. Mkinikubalia, watafanyia mtihani ghalani. Mkinikatalia, watarudi chumbani mwao na taifa litabaki bila macho.

Kwa nini watoto? Ndugu zangu, ukitazama framework ya usalama wa mpaka kwa jicho la kitaalamu, utagundua kwamba pale Tarakea sukari inapita, mahindi yanapita, kuku wanapita, na kila mtu mzima anayepita ana sura ya kupitisha kitu. Lakini nani atamshuku mtoto aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani? Hiyo ndiyo innovation. Mtoto anakata majani huku anasikiliza, anachota maji huku anahesabu magunia, anatumwa chumvi dukani na kurudi na taarifa kamili ya kiintelijensia. (Sauti: “Na chumvi?”) Chumvi iko kwenye awamu ya pili.

Wapo wanaohoji weledi wangu. Nawajibu kwamba nilihudhuria semina ya siku mbili Moshi mjini, siku ya kwanza ikiwa ya kujiandikisha na ya pili ya chakula cha mchana, na nikarudi na mkoba. Isitoshe, niliwahi kuingia soko la Tarakea kwa siri kubwa, nimevaa kanzu, miwani ya jua na kofia ya manyoya, nikijifanya muuza vitunguu. Nilivuka soko zima bila kugundulika, isipokuwa na wale walioniambia “Shikamoo Mratibu”, na yule mama aliyeniuliza kama Zita, mke wangu, anajua kwamba nimechukua miwani yake. (Kicheko.) Chekeni tu. Zita alikuwa amekwisha kupata taarifa kabla sijapanda gari la kurudi, na hakuwahi kwenda semina yoyote.

Sasa nije kwenye takwimu. Asilimia mia moja ya majasusi wetu hawajawahi kuonekana. Narudia, asilimia mia! Hata mimi mkufunzi wao sijawaona, na huo ndio upeo wa capacity building. (Mzee Filemon: “Basi tuonyeshe mmoja tu.”) Mwenyekiti, swali zuri. Geukeni nyuma. Katika migomba ile ya Mwenyekiti, hivi ninavyozungumza, wamejificha vijana arobaini. (Watu wanageuka.) Mnaona mtu? Hammwoni! (Mama mmoja: “Ni watoto wa nani?”) Siri. Hata wazazi wao hawajui; wengine mko hapa mnadhani mtoto yuko bwenini.

(Bibi Elisifa, aliye mkubwa kuliko wote mkutanoni, anachukua fimbo yake na kuingia migombani.) Bibi, tafadhali, eneo hilo ni la mazoezi. Bibi Elisifa! Mwenyekiti, naomba mzee azuiwe. (Mzee Filemon: “Mwache apite, shamba langu.”) Haya, apite. Hataona kitu. (Bibi anasikika akikohoa, fimbo yake ikigonga mawe. Anatokea upande wa pili, anarudi polepole.)

(Bibi Elisifa: “Nimepita mgomba kwa mgomba mpaka kwenye mfereji. Hakuna aliyeniamkia. Mtoto wa huku, hata awe amejificha asichapwe, bibi akimpita hawezi kunyamaza. Shikamoo itamtoka tu. Humo hamna mtoto, Jovin.” Vigelegele.)

Tulieni! Tulieni, nina maelezo ya kitaalamu. Hilo ndilo somo letu la kwanza. Tumewafundisha watoto hao kuizuia shikamoo. Mzee akipita, wanabana midomo. Mbona mnanitazama hivyo? (Sauti: “Umewafundisha watoto wasiamkie wazee?” Kelele. Mzee Filemon anasimama. Zita anavua kiatu.) Zita, mke wangu, vaa kiatu. Mae, mama yangu! Ngojeni kwanza!

Ndugu zangu, nipeni nafasi nifanye tathmini ya haraka. Kukalia darasa la watoto ni kosa, sikatai. Mtu anaitwa, anasemwa, anachinja mbuzi, watu wanakula, yanaisha. Lakini kumfundisha mtoto ampite bibi yake kama kisiki! Kwa hilo, mbuzi wa Rombo nzima hawatoshi, na mimi bado nataka kuzikwa kwenye kihamba cha baba yangu, shamba la ukoo wetu. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natamka rasmi kwamba hakuna mtoto aliyekataa kumwamkia Bibi Elisifa, kwa sababu hakuna mtoto. Mle chumbani mna mabenchi yenu, godoro langu na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya Krismasi. Naona aibu, jamani. Naona aibu kweli.

Tumalizie na kaulimbiu. Nikisema “Majasusi”, mseme “Macho ya taifa”. Majasusi! (Kimya.) Chipukizi! (Kimya.) Ufunguo! (Umati: “Lete!”) Huu hapa, Mwalimu Doris. Nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu wa dhati katika mradi ambao haukuwahi kuwapo hata siku moja, na kwa makofi ya pale mwanzo, ambayo naomba yasirudishwe. Haikeni, asanteni sana.

(Wanafunzi wa darasa la saba wanatoka ghalani mbio, madawati vichwani, wakielekea chumbani kwao. Njia inapita mbele ya meza kuu. Wa kwanza anapunguza mwendo: “Shikamoo, Mratibu.”)

Eh? Hata mimi? Marahaba, mwanangu. (“Shikamoo.”) Marahaba. (“Shikamoo.” “Shikamoo.” “Shikamoo.”) Marahaba. Marahabani, watoto, piteni. Nendeni mkasome.